Ganondorf na ngumi za kuazima

"Shangazi, huyu siye."

Mtoto wa kaka yangu alisema hivyo macho yakiwa kwenye runinga. Alikuja Unguja likizo kutoka Muscat, na Switch yake, mashine ya gemu ya Nintendo, kwenye begi, na usiku ule baada ya Isha tulikaa mkekani tukicheza Super Smash Bros. Ultimate, gemu la kupigana linalokusanya wahusika wa magemu mengi. Mimi nilimchagua Ganondorf, adui mkuu wa magemu ya Zelda. Yeye alikuwa ndiyo kwanza amelimaliza Tears of the Kingdom, gemu la Zelda, kwa hiyo Ganondorf anayemjua ni yule wa 2023: anayeshika upanga, akauacha akashika mkuki, akauacha akashika rungu. Yule anayelikwepa pigo lako dakika ya mwisho na kukupiga vilevile ulivyokusudia kumpiga wewe. Yule ambaye giza lake likikugusa hupotezi nguvu za muda tu, unavunjiwa moyo mzima wa uhai.

Nilibonyeza kitufe. Ganondorf wangu akarudisha mkono nyuma, akauvuta, akazidi kuuvuta, kisha akaitupa ngumi.

"Mbona anapigana kama yule wa magari?"

Nikamwambia tuendelee kucheza. Likizo imekwisha, mtoto amerudi kwao, na swali lake bado ninalo.

## Yule wa magari

Jibu fupi lipo na wapenzi wa Smash wanalijua. Mwaka 2001, Melee, Smash ya pili, ikiwa inakamilishwa kwa ajili ya mashine ya GameCube, Masahiro Sakurai, muundaji wa Smash, na wenzake waliongeza wahusika sita mwishoni kwa kutumia mapigo ya wahusika waliokwisha kutengenezwa. Falco akachukua ya Fox, Roy ya Marth, Pichu ya Pikachu, Dr. Mario ya Mario, Link mdogo ya Link mkubwa. Ganondorf akapewa ya Captain Falcon. Wote wawili ni warefu, wana mabega mapana, na mifupa ya mmoja ilimkaa mwenzake.

Ni jibu la kweli, wala sina ugomvi nalo. Bila njia hiyo ya mkato Ganondorf asingeingia kabisa katika Melee.

Kinachonisumbua ni yule aliyeazimwa.

Captain Falcon ni dereva. Katika F-Zero ya 1990 huoni hata mkono wake, unaona gari tu likipasua upepo. Timu ya Smash ya kwanza, ile ya 1999, ilipotaka awe mpiganaji haikuwa na pa kuchota, ikabuni kila kitu: ngumi ya moto inayoruka na ndege, teke la kuteleza ardhini, mruko wa kumdaka mtu hewani na kumlipua. Walibuni vizuri mno, mpaka leo kuna watu wanaomjua Falcon kwa ngumi na hawajawahi kuliona gari lake.

Ganondorf yeye alikuwa na ghala limejaa. Ocarina of Time, gemu la Zelda, lilitoka 1998, miaka mitatu kabla ya Melee. Humo tulimkuta juu ya mnara wake akipiga kinanda huku akimngoja Link, shujaa wa Zelda, apande ngazi. Tulimwona akielea hewani, akirusha mpira wa nishati, Link akiurudisha kwa upanga, naye akiurudisha tena. Na kabla ya 1998 lilikuwapo umbo lake la nguruwe, Ganon, mwenye mkuki wa ncha tatu.

Aliyekuwa na kisa alivishwa mapigo ya asiyekuwa na kisa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na kwa miaka mingi hoja yangu kuhusu Ganondorf wa Smash iliishia hapo.

## Uzito

Swali la mtoto lilinirudisha kwenye uwanja wa mazoezi, peke yangu, kumtazama Ganondorf pigo kwa pigo.

Wale waliomgeuza Falcon kuwa Ganondorf hawakubadilisha rangi tu, moto mwekundu kuwa wa zambarau. Walichukua mapigo ya mmoja wa wakimbiaji wakali kabisa wa gemu zima na kuyatia ndani ya mmoja wa wazito kabisa. Katika Ultimate, Falcon ana uzito wa 104 na Ganondorf 118. Falcon anakimbia kama amechelewa mahali. Ganondorf hata akikimbia, mpinzani ana nafasi ya kufikiri mara mbili.

Halafu ile ngumi. Gemu linakwenda fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Pigo dogo la haraka la mhusika wa kawaida hutua ndani ya fremu chache tu, kabla jicho halijaelewa. Ngumi ya Ganondorf, Warlock Punch, inachukua zaidi ya sekunde nzima kabla ya kumfikia mtu. Sekunde nzima katika Smash ni muda wa kutembea, kurukia upande wa pili, kumpiga na kuondoka.

Kwa mantiki ya ushindani ni pigo bovu. Hakuna mchezaji makini anayelitegemea.

Lakini nilipocheza na mtoto niliona jambo ambalo jedwali la fremu haliwezi kulionyesha. Kila nilipoianzisha ile ngumi, yeye aliacha alichokuwa anafanya. Mara nyingine alikimbilia mbali bila sababu, ingawa nafasi ya kunipiga ilikuwa wazi. Mara nyingine alijaribu kunizuia kwa pigo dogo, na kwa kuwa Ganondorf akiwa amesimama ardhini na ngumi ile haitikiswi kwa urahisi, pigo lake likapita bila kitu, nayo ngumi ikamfikia. Akapiga kelele mpaka mama akauliza sebuleni kuna nini.

Falcon akirusha ngumi yake, chumba kinashangilia. Ganondorf akiirusha yake, chumba kinanyamaza. Pigo ni lilelile, lakini aliye mbele yake hahisi kitu kilekile.

## Kule mnarani

Basi nikarudi kwenye Ocarina of Time, kwenye pambano la mnarani ambalo nilidhani nalikumbuka vizuri. Nilikumbuka mpira wa nishati, maana kila mtu anaukumbuka. Sikuwa nimelitilia maanani lile pigo lake jingine.

Ganondorf anapanda juu, anashuka, anaipiga sakafu kwa ngumi. Vigae vinapasuka na kuanguka, na sehemu ya kusimama inazidi kupungua kila anapofanya hivyo.

Ngumi ilikuwapo tangu mwanzo.

Nililisimamisha gemu, nikakaa. Hoja niliyoishi nayo miaka yote, kwamba Ganondorf si mtu wa ngumi, ilipata tundu katika gemu lilelile nililolitumia kuitetea. Anaweza kupiga ngumi. Swali la haki ni anapiga ngumi kwa sababu gani, na anampiga nani. Kule mnarani ngumi yake haimlengi Link. Inailenga ardhi aliyosimama Link. Ni mtu anayetaka kukuondolea mahali pa kusimama kabla hajakugusa wewe mwenyewe, na ukiitazama Smash kwa makini, kazi ya gemu zima ndiyo hiyo: kumwondoa mtu jukwaani. Laiti mmoja angekaa chini na pambano lile la 1998 na kulitafsiri kwa lugha ya Smash, angepata mpiganaji mzima bila kumgusa Falcon.

## Kukabwa

Pigo moja walilifanya hivyo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Katika Brawl, Smash ya 2008, lile pigo la kwenda mbele, lililotoka kwa Falcon, lilifutwa. Mahali pake pakaja Flame Choke. Ganondorf anachomoka mbele mkono ukiwa wazi, anamkaba mtu, moto wa zambarau unamlipukia, kisha anambwaga chini.

Ubunifu wenyewe umo katika kile kinachofuata. Aliyebwagwa yuko chini, na Ganondorf amesimama juu yake. Mwenye kulala ana hiari chache: aviringike kwenda mbele, aviringike nyuma, ainuke hapohapo, au abaki amelala akitumaini. Ganondorf lazima akisie. Akikisia vibaya anaadhibiwa, kwa kuwa ni mzito na mapigo yake hayarudi haraka. Akikisia sawa, anakaba tena, na swali linaulizwa upya.

Nimecheza na wahusika wengi wa gemu hili lenye wapiganaji 89 na sijui pigo jingine linalomweka mtu katika hali ile. Kukisiwa mawazo yako ni kuchungu kuliko kupigwa. Mtu aliyekisiwa mara mbili mfululizo anaanza kujitilia shaka, anaviringika hovyo, anabonyeza kabla ya wakati. Hapo ndipo Ganondorf anakuwa adui hasa, kwa maana ile tuliyoijua utotoni kwenye mikanda ya video, pale steringi alipokuwa na nguvu zote na bado tulimwogopea.

Na kama mpo ukingoni mwa jukwaa, anaweza kumkaba mtu hewani na kuanguka naye. Wote wawili wanakwenda. Tabia hiyo naiamini kabisa kwa Ganondorf, aliyekuwa tayari kuliangusha kasri lake mwenyewe ili Link asitoke hai.

Mtoto alililalamikia zaidi hilo kuliko lingine lolote. Hakusema tena kwamba siye.

## Upanga

Sasa nije kwenye upanga, maana pale ndipo shaka yangu inarudi.

Mwezi Agosti 2000, kwenye maonyesho ya Space World, Nintendo ilionyesha kipande kifupi cha Link na Ganondorf wakipigana kwa panga, ili watu waone GameCube itaweza nini. Gemu la namna ile halikuja. Upanga wa kipande kile ukaingia Melee, lakini ukaishia kwenye pozi lake moja la ushindi. Pambano limekwisha, ndipo anaonyesha kwamba alikuwa na silaha.

Brawl ilimvisha sura ya Twilight Princess, gemu la 2006 ambalo linaishia kwa Link na Ganondorf uwanjani, upanga kwa upanga. Wakampa na upanga wenyewe. Akautumia katika mbwembwe: anautoa, anautazama, anaurudisha.

Mwaka baada ya mwaka tuliishi na hilo. Smash ya 2014 ikaja, ikapita, naye bado anautazama. Na mwaka uleule Hyrule Warriors likamwachia atumie panga mbili kubwa kufagia majeshi. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba mapigo yake ni vigumu kuyabuni.

Ilikuwa Juni 2018, kwenye maonyesho ya magemu ya E3, Sakurai alipotuonyesha Ultimate. Ganondorf amerudishwa umbo la Ocarina of Time, na mapigo yake matatu mazito, la mbele, la juu na la chini, yote ni kwa upanga. Upanga uleule wa Space World.

Nilifurahi sana, na sitaki kuidogosha furaha ile. Mapigo yenyewe ni mazuri kuyatazama. Pigo la mbele linakuja kwa mikono miwili kutoka juu, lina urefu ambao Ganondorf hakuwahi kuwa nao, na aliyezoea kukaa umbali fulani akijiona salama akajikuta hayuko salama tena. Unahisi uzito wa chuma.

Lakini uchezaji wa Smash kwa sehemu kubwa ni wa hewani, na huko Ganondorf ni Falcon bado. Mateke mawili ya mzunguko. Kisigino cha juu. Mguu unaokanyaga kwenda chini. Upanga unatokea mkononi kwa mapigo matatu na kutoweka, halafu mfalme anaendelea kupiga mateke ya dereva. Huwa ninautazama mkono wake mtupu baada ya pigo zito na kujiuliza umekwenda wapi.

## Waliokuja baada yake

Labda ningevumilia kama nisingewaona wenzake.

Ridley, adui wa magemu ya Metroid, ni mfano unaouma. Kwa muda mrefu sababu ya kutomweka ilikuwa ukubwa wake, na katika Brawl alikuwa wa kupigwa tu, hachaguliki. Ultimate ilipomkubali, waliinamisha mgongo wake, wakampunguza, kisha wakampa mapigo ambayo hakuna mwingine angeweza kuwa nayo. Anamkamata mtu na kumburuza chini akiruka. Anainua mkia taratibu na kuchoma kwa ncha, na ncha ile ikimpata mtu mahali penyewe madhara yake ni makubwa mno. Ukatili wake unauona mkononi mwako.

Sephiroth, adui wa Final Fantasy VII, alitangazwa Desemba 2020. Upanga wake mrefu kupita kiasi ni mrefu vilevile hapa, na akielemewa linamtoka bawa lake moja, anapata kasi na nguvu mpya. Mpinzani aliyekuwa anashinda anaanza kuogopa kushinda. Na Kazuya, Juni 2021, alikuja na namna ya kubonyeza ya kwao Tekken, kiasi kwamba anayemjua kule anaweza kukaa hapa na mikono yake ikakumbuka.

Maadui watatu hawa waliulizwa: wewe kwenu ulikuwa unafanya nini? Wakajibu kwa mapigo.

Ganondorf naye ana jibu ndani ya gemu hilihili. Cheza World of Light, sehemu ya hadithi, ufike mwisho wa eneo lake, utakutana na Ganon, nguruwe mkubwa mwenye panga mbili na mkia unaong'aa, pambano lililojengwa kwa mapenzi makubwa kutoka lile la 1998. Pigo lake la mwisho, lile la Final Smash, linamgeuza kuwa Ganon huyohuyo. Kwa hiyo walimjua. Walimjua vizuri kabisa, wakauweka ujuzi huo katika sura ambayo mchezaji hawezi kuishika isipokuwa kwa nukta chache.

## Mkiani

Kuna kingine kinachonizuia nisiridhike na ule utisho wa ngumi ya polepole.

Katika orodha ya nguvu ambayo wachezaji wa Brawl waliikubali, Ganondorf alikaa wa mwisho kabisa. Katika Ultimate pia yuko karibu na mkia. Sababu ni zilezile: mzito, anapigika kirahisi, hana kitu cha kurusha, na akitupwa nje ya jukwaa kurudi kwake ni kwa tabu.

Sidai kila adui awe mshindi. Lakini fikiria huyu ni nani. Ni mwanamume pekee aliyezaliwa kwa Wagerudo, kabila la wanawake, katika miaka mia moja. Ni mtu aliyepiga goti mbele ya mfalme wa Hyrule akiahidi utii huku akiupanga uasi. Katika The Wind Waker anaongea kuhusu jangwa la kwao, joto la mchana na baridi la usiku, na upepo wa kwao ulioleta kifo, huku ule wa Hyrule ukileta kingine naye akiutamani, na kwa dakika moja unamwelewa kabisa mtu ambaye hupaswi kumwelewa. Mtu kama huyo hukosa mengi, hakosi mpango. Ganondorf wa Smash akirushiwa mishale kutoka mbali hana la kufanya ila kutembea. Anayemchagua anahurumiwa. Watu wanamshangilia kama wanavyomshangilia mnyonge.

Kwa hiyo utisho wake una mpaka. Unamfaa mtoto wa likizo mkekani, unamfaa rafiki asiyejua. Ukifika kwa mtu mwenye subira unayeyuka, na kinachobaki ni nakala ya Falcon aliyechoka.

## Ningebakisha nini

Nimebadili msimamo, ingawa si wote. Zamani ningesema afutwe aandikwe upya. Sasa Flame Choke ningeilinda kwa nguvu zangu zote, na mwendo wake mzito pia, na ngumi ya polepole ibaki kama ilivyo ila ipige ardhi, iteteme mbele na nyuma, yule aliyekimbilia mgongoni kwake naye apate sehemu yake. Mateke ya hewani yaondoke. Mahali pake uje upanga, au mkuki wa ncha tatu.

Na ningemrudishia mpira wa nishati.

Hapa nimefikiri sana, maana wapo watakaosema ukimpa Ganondorf kitu cha kurusha umemwua Ganondorf. Wana haki ya kuhofu. Nguvu yake yote iliyobaki ni kwamba lazima akukaribie, na wewe unamwona anavyokaribia. Adui anayekaa mbali akirusha vitu tunao tele, na wengi wao wanachosha.

Ila mpira wa mnarani si wa namna hiyo. Link aliupiga kwa upanga ukarudi, Ganondorf akaupiga ukarudi, kila mara kwa kasi zaidi, mpaka mmoja akashindwa. Ndivyo uwe katika Smash. Uende taratibu. Yeyote aweze kuurudisha kwa pigo lolote, awe Link, awe Kirby, awe Captain Falcon kwa ngumi yake ya moto. Ganondorf naye aweze kuurudisha, ukiongezeka kasi na madhara kila unapobadilisha mwelekeo, na ukimpata yeye mwenyewe umwache amepiga goti, wazi kabisa, muda wa kutosha kwa mpinzani kumfikia na kufanya atakalo.